Uzi Wenye Mafundo

Asubuhi naendesha basi la shule,
watoto arobaini na wawili na kelele zao,
na saa nane na nusu nawafuata tena.
Katikati nimeachiwa saa tano.
Kuanzia Machi, huku Lafayette, nyasi hazijui kulala:
mvua ya Jumatatu, Alhamisi zimefika gotini.

Nilianza na mashine ya shemeji Odell,
ya kuvutwa kamba mara kumi na nne ndipo ikohoe.
Mwezi wa tano ikanifia uani kwa Bi Guidry,
ikaacha upande mmoja safi, wa pili kichaka,
kama mtu aliyenyolewa nusu
kinyozi akaitwa msibani.

Kwenye mkebe wa biskuti nilikuwa na dola mia sita na kumi.
Usiite mtaji. Ni jasho lililokauka.

Dukani kwenye barabara kuu wameipanga nyekundu, ya kukalia,
kiti kinene kuliko cha basi langu.
“Kalia tu,” akaniambia kijana Trent, “kukalia ni bure.”
Nikakalia. Nikajiona malkia wa nyasi.
Dola themanini na tisa kwa mwezi, miezi arobaini na minane.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya maziwa:
zaidi ya dola elfu nne, na ikifika Desemba
hata nyasi za Lafayette hulala,
deni halilali.
Nikashuka taratibu, kama mtu anayeshuka kwenye farasi wa watu.

Alcide Fontenot wa Breaux Bridge
alikuwa anauza ya kutembea nayo, inchi thelathini na sita,
dola mia tano na hamsini.
Mvuto mmoja, ikanguruma.
Oili rangi ya asali, mkanda mpya,
kisu ungeweza kunyolea ndevu.
Moyo ukasema lipa. Mkono ukaenda mkobani.
Kisha nikalikumbuka geti la Bi Guidry,
ambalo hata pipa lake la taka hupita kwa ubavu.
“Nipe mpaka Jumamosi,” nikasema.

Ijumaa nikazunguka na uzi wa kushonea magunia,
nyumba saba, mageti saba,
kila geti nikalifungia fundo lake.
Mbwa wa akina Comeaux akadhani nampimia sanda.
Jumamosi nikaulaza ule uzi juu ya mashine.
Mafundo matano yakaishia katikati ya bati.
Mawili yaliyovuka: la kanisa,
na la Bwana Hebert, ambaye hulipa akikumbuka.

Alcide alicheka mpaka kofia ikamdondoka.
“Watu huja kwangu na pesa, wewe umekuja na uzi.”
Akaniingiza bandani, nyuma ya magurudumu mabovu:
inchi ishirini na moja, bodi ya chuma, rangi imefubaa,
vumbi la msimu mzima kwenye chujio.
Akataka mia mbili na sitini. Nikasema mia mbili.
Tukakutana kwenye mia mbili thelathini na tano, na kisu cha akiba juu.
Chujio nimelifua, plagi nimebadili,
kabureta nimeisugua kwa mswaki wa zamani wa mwanangu.
Pesa iliyobaki imerudi mkebeni,
imepungua, haijafa.

Sitakudanganya. Ile pana ingemaliza uwanja wa kanisa kwa dakika arobaini;
mimi natembea humo saa mbili, kwenda na kurudi,
jua kisogoni, nikiwaza kiti cha Trent.
Natukana kimoyomoyo, ingawa ni ardhi takatifu.
Lakini kwa Bi Guidry napita getini bila kujibana,
na yeye hulipa papo hapo,
noti zimenyooka kama zilizopigwa pasi.

Uzi nimeutundika kwenye kioo cha basi.
Kuna kitoto cha darasa la kwanza, Zéline,
huyahesabu mafundo kila akipanda.
Jana akaniambia nimekosea, yapo manane.
Sijakosea. La nane ni la juzi,
na geti lake ndilo jembamba kuliko yote.